Pesa Imetoka, Ujumbe Haujafika



Nimeombwa katika kikao hiki nizungumzie zana za kazi yangu. Natengeneza tovuti, na kazi hiyo naifanyia hapa hapa Kileleshwa, Nairobi, kwenye ghorofa mojawapo ya hizi zilizoota mahali palipokuwa na nyumba moja ya serikali na bustani kubwa kuliko nyumba yenyewe. Barabara zetu bado zina majina ya miji ya mbali: Othaya, Kandara, Mandera, Siaya, Oloitoktok. Wanaoishi kando yake ndio waliobadilika. Tangu korona ituzoeze kufanyia kazi nyumbani, ukipita asubuhi, nyuma ya madirisha hayo kuna vijana wengi walioinamia laptopu. Huyu ana mteja London, yule ana mteja Barabara ya Enterprise, na wote wawili wanamngojea bodaboda awaletee chapati.

Watu wa nje hudhani kwamba tukikutana tunazungumza mambo mazito. Mara nyingi tunabishana kama mashabiki wa Gor na AFC. Huyu anaidharau lugha ya PHP kwa sababu ni ya mwaka 1995. Unamkumbusha kwamba JavaScript anayoisifu ni ya mwaka uo huo, na kwamba Brendan Eich aliandika toleo lake la kwanza kwa siku 10 hivi. Yule anasema asiyetumia React, zana ya kujengea kurasa, ni mzee. Mwingine hawezi kula kabla hajaeleza kwa nini kihariri chake cha msimbo ni bora kuliko chako. Mabishano hayo ni matamu, na nitayapita upesi, kwa sababu kwa duka la viatu la mtandaoni zana zote hizo zinatosha. Mnunuzi hataijua iliyotumika, wala hana haja.

Ninachotaka kuwaeleza leo ni nusu dakika moja tu. Ni ile nusu dakika kati ya mteja kubonyeza neno "Lipa" kwenye tovuti na tovuti kumwambia asante. Zana yoyote inayoletwa mbele yangu, iwe mpya au kuukuu, ya bure au ya dola, naipima kwa swali hili: ndani ya nusu dakika ile itafanya nini?

Turudi nyuma kidogo. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na kusudi lake lilikuwa mtu kumtumia mtu. Menyu yake ilikaa ndani ya laini ya simu, kwa hiyo hata simu ya kabambe ilitosha. Tovuti hazikuwa kwenye hesabu. Kwa miaka mingi mwenye tovuti ndogo alikuwa akiandika "tuma pesa kwa nambari hii, kisha utuandikie", halafu anakaa na simu mkononi akilinganisha majina. Kampuni kama Pesapal na Kopo Kopo zikajitokeza kusimama katikati. Vijana wasio na mtaji nao wakabuni yao: modemu inachomekwa kwenye kompyuta, ndani yake kuna laini, na programu fupi inasoma kila SMS ya malipo inayoingia, inachomoa kiasi, jina na nambari ya muamala kutoka kwenye sentensi. Ilifanya kazi vizuri mpaka siku maneno ya ile SMS yalipobadilishwa kidogo. Siku hiyo programu ilisoma hewa, na duka likasema hakuna aliyelipa tangu asubuhi.

Mwaka 2017 Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, ikafungua Daraja, yaani mlango rasmi wa wasanidi. Mwanafunzi mwenye laptopu na bando anaweza kujisajili leo usiku na kuanza kujaribu kwa nambari ya biashara ya majaribio, 174379. Nawajua wasanidi wa Nairobi wanaoikumbuka nambari hiyo kuliko ya kitambulisho chao.

Sasa sikilizeni jinsi nusu dakika ile inavyokwenda. Mteja anabonyeza Lipa. Seva yangu inatuma ombi kwenye mtandao wa malipo: nambari ya biashara, kiasi, nambari ya simu ikianza na 254, na anwani ya mahali ambapo ningependa majibu yaletwe. Papo hapo, pengine kabla hujapepesa jicho, jibu linarudi likiwa na sifuri, na katika lugha ya mashine sifuri ni heri. Anayeanza kazi akiiona sifuri hiyo anafurahi, anaandika "imelipwa" na kumfungulia mteja bidhaa. Kumbe hakuna aliyelipa chochote. Ukimtuma mtoto dukani akuletee sukari, akaitika "haya mama", bado huna sukari. Sifuri ya kwanza ndiyo "haya mama". Maana yake ni kwamba ombi limepokelewa, basi. Simu ya mteja bado haijalia.

Kisha simu inalia, kisanduku kinatokea kuomba PIN, na hapo mambo ni mengi. Anaweza kuingiza PIN sawasawa. Anaweza kughairi, na jibu likaja na nambari 1032. Simu inaweza kuwa imezimika au haina mtandao, likaja 1037. Salio linaweza kuwa pungufu, likaja 1. PIN inaweza kuwa si sahihi, likaja 2001. Majibu haya ya pili hayaji pale uliposimama kuyasubiri. Yanapelekwa kwenye ile anwani uliyoitoa, yakitaka kukuta seva yako iko macho. Ndiyo maana kila msanidi wa hapa hujifunza mapema zana iitwayo ngrok, ambayo huipa laptopu ya nyumbani anwani ya muda inayofikika kutoka nje. Bila zana kama hiyo, jibu la pili haliwezi kukufikia Kileleshwa hata ungekaa na faiba ya kasi namna gani.

Nimesema yakikuta seva yako iko macho. Je, yakiikuta imelala? Stima imepotea, au seva inawashwa upya kwa sababu umeweka toleo jipya saa ile ile. Pesa imetoka kwa mteja, imeingia kwa mwenye duka, na tovuti haijui. Pia jibu moja linaweza kuletwa mara mbili, na programu isiyo makini ikampelekea mtu jozi mbili za viatu. Mteja naye, akiona kimya, hubonyeza Lipa tena, kwa hiyo kuna maombi mawili ya kitu kimoja. Na kuna hili ambalo huwashangaza hata wazoefu: jibu linaweza kufika upesi kuliko hifadhidata yako ilivyomaliza kuliandika ombi lenyewe. Jibu linabisha, linatafuta ombi lake, halilioni, linatupwa.

Dawa zake si siri. Andika ombi kwenye hifadhidata kabla ya kulituma. Lipe kila agizo nambari yake, ili Lipa ya pili itambulike kuwa ni ya agizo lile lile. Jibu likija, angalia kama umeshalishughulikia. Lisipokuja, uliza wewe, maana Daraja ina njia ya kuuliza hali ya ombi. Na lililo kubwa kuliko hayo: katika safu ya hali ya malipo, usiweke "imelipwa" na "haijalipwa" peke yake. Weka na "haijulikani".

Neno hilo wasanidi wengi hawalipendi. Tumefunzwa kwamba kompyuta ni ndiyo au hapana. Mwenye biashara naye halipendi, anataka kuona kijani au nyekundu. Lakini malipo ambayo jibu lake halijafika kwa kweli hayajulikani, na tovuti inayolazimisha jibu itamdhulumu mtu, ama mnunuzi ama muuzaji. Programu ya Ushahidi, iliyozaliwa Januari 2008 katika siku zile mbaya za baada ya uchaguzi, ililielewa jambo hili mapema. Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walikuwa wanapokea taarifa za ghasia kutoka kwa watu wasiowaona, kwa SMS na kwa mtandao, na ramani yao ikawa na nafasi ya taarifa ambayo imepokelewa lakini haijathibitishwa. Taarifa haikufutwa, wala haikupewa uzito isiokuwa nao. Mmoja wao, Hersman, ndiye aliyeanzisha ukumbi wa iHub pale jengo la Bishop Magua, Barabara ya Ngong, mwaka 2010, ambako kizazi kizima cha wasanidi wa Nairobi kilijifunza kazi. Wengi wanaukumbuka ukumbi ule kwa kahawa na intaneti ya kasi. Mimi naona somo bora lilikuwa ndani ya ile programu.

Walimu wengine hawakuwahi kukaa ukumbini. Nenda dukani pale karibu na Kasuku, hapa Kileleshwa, nunua maziwa, lipa kwa simu, kisha mwonyeshe mwenye duka ujumbe wako. Hatautazama. Atatazama simu yake. "Bado haijaingia," atakwambia, na wewe utasimama hapo na maziwa yako hadi iingie. Ameshatapeliwa na SMS za kughushi, au amesikia ya jirani, na sheria yake ni moja: uthibitisho ninaouamini ni ule ulionifikia mimi. Tovuti nyingi zilizojengwa na watu wenye shahada hazina busara hiyo. Kivinjari cha mteja kinasema "nimelipa", na seva inaitikia "asante". Yeyote anayejua kufungua zana za kivinjari anaweza kuandika maneno hayo mwenyewe. Kwa hiyo agizo lisifunguliwe kwa neno la kivinjari, na hata ujumbe unaokuja kwenye ile anwani ya majibu uulizwe umetoka wapi.

Mawakala wa mwanzo wa M-Pesa nao walikuwa na kitabu. Tarehe, nambari ya muamala, kiasi, jina, nambari ya kitambulisho, sahihi ya mteja. Mstari ukishaandikwa haufutwi. Kukiwa na marekebisho, unaandikwa mwingine. Leo ukinionyesha hifadhidata ya malipo ambayo kila badiliko linafuta lililotangulia, nitakuuliza kwa nini umeacha njia ambayo wakala wa mwaka 2007 aliifuata kwa kalamu ya biki. Ila kumbuka kwamba majina na nambari za simu zilizomo humo ni data binafsi, na tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data. Weka unachohitaji kuthibitisha malipo, usiweke kila kitu kwa sababu tu nafasi ya kuhifadhi ni rahisi.

Sasa tuvuke Lavington, twende Kawangware. Ni kilomita chache kutoka hapa. Mama anaagiza bidhaa kwa simu yenye kumbukumbu ndogo, na bando lake ni la shilingi 20. Tovuti imejengwa kwa zana ya kisasa kama React, na kila kitu, kapu, anwani, nambari ya agizo, kimeshikiliwa ndani ya kumbukumbu ya kivinjari. Anabonyeza Lipa. Kisanduku cha PIN kinatokea juu ya kila kitu, anaingiza PIN, SMS inaingia, anaifungua aisome. Simu ile ndogo, ili ipate nafasi, inakiua kivinjari kimyakimya. Anaporudi, ukurasa unaanza upya: kapu tupu, hakuna agizo. Pesa imetoka. Kwenye laptopu yangu ya Kileleshwa hitilafu hiyo haitokei hata nikiitafuta mwaka mzima, kwa sababu laptopu yangu haibanwi na kitu. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kupenda mtindo wa kizamani kwa kurasa za malipo: seva itengeneze ukurasa, nambari ya agizo iwe kwenye anwani ya ukurasa, na mteja akirudi baada ya saa moja au kwa simu ya dada yake alikute agizo lake pale alipoliacha. Siipingi React. Ilitoka 2013 na imefanya mengi mema. Nasema tu kwamba chombo kinachodhani mtumiaji hataondoka kwenye ukurasa hakikumfikiria mtu anayelipa kwa M-Pesa.

Vyombo vyetu hudhani mengine pia. Fomu zinadai msimbo wa posta wa nyumba, na watu wa Nairobi, ambao misimbo yetu ni ya masanduku ya barua, tunajaza 00100 ili tupite, kisha mwendesha boda anapiga simu kuuliza "uko karibu na nini?" Mwaka 2019 zilipoanza kutolewa nambari za simu za 01, tovuti kadhaa ziliwakataa wenye nambari hizo kwa sababu mtu aliandika kwenye msimbo kwamba nambari ya Kenya lazima ianze na 07. Mtu huyo hakuwa mgeni. Alikuwa mmoja wetu.

Niseme kidogo juu ya bahari. Hadi 2015 seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Pesa ikitoka kwa mtu wa Barabara ya Kandara kwenda kwa fundi wake wa Kangemi, habari yake ilikwenda Ulaya kwanza. Mwaka huo mitambo ikahamishiwa nchini. Tovuti zetu nyingi, kwa upande mwingine, bado zinaishi ng'ambo, na hata zile zilizo na seva Nairobi huagiza herufi, picha na vipande vya JavaScript kutoka mbali kila zinapofunguliwa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, Kenya, Tanzania na Uganda zote zililemewa. Msanidi ambaye ukurasa wake wa malipo ulihitaji mwandiko maridadi kutoka ng'ambo ili ufunguke, siku hiyo alifunga duka kwa ajili ya mwandiko.

Ni ugonjwa ule ule wa Machi 2016, pale Azer Koçulu alipoondoa moduli yake iitwayo left-pad kutoka npm, hazina ya moduli za JavaScript. Ilikuwa na mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi mwanzoni mwa maneno, na miradi mingi duniani ilikwama kwa saa kadhaa. Tunasakinisha moduli za watu tusiowajua, nazo zinaita nyingine, na nyingine tena. Sisemi uandike kila kitu mwenyewe, hutamaliza. Ila kwa ukurasa wa malipo ninaomba uwe na orodha fupi ambayo unaweza kuisoma yote, na faili zake zikae kwenye seva yako.

Najua mnangojea nizungumzie akili unde. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, hakuna kikao ambacho swali hilo halikuulizwa, kwa kawaida na mzazi anayelipa karo ya chuo. Mimi huzitumia zana hizi kila siku. Zinaniandikia sehemu za kuchosha, zinanitafutia koma iliyopotea, zinanieleza msimbo wa mtu aliyeacha kazi bila kuaga. Ukiiambia iunganishe tovuti na Daraja, inakuandikia msimbo safi, wenye maelezo, na majina ya sehemu zote yakiwa sahihi. Mara nyingi nimeukuta msimbo huo ukiishia kwenye sifuri ya kwanza. Ukiuliza, "na jibu la pili lisipokuja?", inakubali mara moja na kukuandikia sehemu iliyokosekana, tena vizuri. Ukiuliza juu ya majibu mawili, hivyo hivyo. Elimu inayo. Swali ndilo lililotoka kwako, na ulilipata kwa kusimama kwenye duka lile ukisubiri simu ya mwenyewe ilie. Mzazi, mtoto wako asome. Ila asikae kwenye skrini tu. Mpeleke akauze kitu apokee malipo ya watu kwa mwezi mmoja, atakuja na maswali ambayo hakuna mashine itakayomuuliza.

Sasa nawageukia wanafunzi. Kabla hujaitangaza tovuti yako, tafuta simu ya bei ya chini kabisa, weka bando dogo, panda matatu uende Kawangware stejini na ujinunulie kitu kwa shilingi 10. Mara ya kwanza lipa vizuri. Mara ya pili ghairi. Ya tatu kosea PIN. Ya nne zima simu kisanduku kikitokea. Ya tano bonyeza Lipa mara mbili, na ya sita umwombe mwenzako aizime seva wakati unaingiza PIN. Rudi nyumbani, fungua hifadhidata, na usome kila mstari. Kama kuna agizo ambalo huwezi kueleza limetokea nini, tovuti haijaisha, hata kama inapendeza.

Na nyinyi wenye biashara mliomo humu, ninyi mnaotulipa. Msanidi akija kwenu na mifano ya rangi na majina ya zana, mwacheni amalize, mpeni chai. Kisha mwulizeni: mteja akilipa, halafu jibu lisitufikie, tovuti yangu itamwambia nini, na mimi nitajuaje? Mwenye jibu la swali hilo mpeni kazi, hata akiwa anatumia PHP.